Mkono wa Kushoto Chini

Wiki iliyopita gari langu liligoma kuwaka, nikalipeleka Kisenyi kwa fundi wangu ambaye, kwa bei zake, hanidanganyi sana. Akaingia chini ya gari, akafungua kizibo, oili chakavu ikatiririka ndani ya kopo, nyeusi tii. Kopo lilipojaa akatoka, akaimwaga taratibu juu ya vumbi la mbele ya gereji, eti vumbi lisiwasumbue wateja. Jua lilikuwa kali. Harufu ikapanda, nami nikasimama palepale nimefumba macho, navuta pumzi kama mtu aliyerudi jikoni kwa mama yake.

"Madamu, uko sawa?" fundi akauliza.

Nikamwambia niko sawa kabisa, nina miaka kumi na nimesimama kwenye uwanja wa gofu. Alicheka kwa adabu, akarudi chini ya gari. Simlaumu. Mtu akisikia gofu anawaza nyasi zilizonyolewa vizuri kuliko kichwa cha bwana harusi, na matajiri wenye kofia nyeupe. Gofu yangu mimi haikuwa na hata jani moja. Ilikuwa mchanga na oili chakavu, na ndiyo iliyonipa furaha ambayo mpaka leo, na umri huu, nikiikumbuka viganja vinaniwasha.

Tulikuwa tukiishi kambi ya askari upande wa Luzira, nyumba za mabati zilizopangwa mstari, ziwa likionekana kwa kipande tu kati ya ghala mbili. Baba alikuwa dereva wa malori ya kambi. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo aliyenilea ni Haboba, yaani bibi yangu, maana sisi Wanubi bibi tunamwita hivyo. Haboba alitoka Bombo na tabia zake zote za Bombo: gurbaba yake ya maua akiizungusha mwilini, na kazi yake ya kusuka tabaga, zile kawa za rangi rangi za kufunikia chakula, asubuhi mpaka jioni kizingitini. Tumemzika mwaka huu. Labda ndiyo sababu harufu ya oili ilinikamata vile.

Zamani kidogo kabla yetu, kambi ilikuwa na mkubwa mmoja aliyependa gofu kupita kiasi. Akatengenezesha uwanja wake mdogo nyuma ya ghala. Nyasi za kusukumia mpira zinahitaji maji na watu wa kuzitunza, naye hakuwa navyo hivyo, basi akafanya kama walivyofanya watu wa zamani kwenye sehemu kavu: mchanga wa ziwani ukachanganywa kwa koleo na oili chakavu kutoka gereji ya kina Baba, ukatandazwa duara kubwa, ukasawazishwa kwa ubao mrefu, katikati likachimbwa shimo na kutiwa kopo. Tuliuita brauni, kwa rangi yake. Mkubwa akahamishwa, kama wakubwa wanavyohamishwa, lakini brauni ikabaki.

Sasa nikwambie uzuri wa brauni, ambao pia ndio ubaya wake. Mpira ukipita juu yake unaacha mstari. Kwenye nyasi mtu anaweza kubisha, kwamba mpira ulikuwa unaelekea kabisa, upepo tu. Kwenye brauni hubishi na mtu. Kosa lako linalala pale mchangani, limenyooka au limepinda, na kila anayepita analiona mpaka mtu apitishe ubao na kulifuta.

Mistari yangu mimi ilikuwa imepinda. Yote. Yote kwa upande uleule, kushoto mwa shimo.

Aliyetufundisha alikuwa Afande Apio, sajini, mwanamke mrefu mwenye sauti ya gwaride. Yule mkubwa wa zamani ndiye aliyemtia ugonjwa huo wa gofu. Jioni akitoka kazini alivua buti, akavaa raba, akapiga filimbi, nasi watoto wa kambi tukamwagika kutoka kila mlango. Fimbo zetu zilikuwa za kuokoteza. Yangu, ile fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni, ilikuwa imekatwa ikanitosha kimo, na mshikio wake umefungwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nililala nayo. Sitanii, nililala nayo kitandani, na Haboba akasema sasa nyumba hii imepata mke mwenza.

Siku moja Afande akatupanga mstari akatuambia kuna uwanja wa nyasi mjini unaofanya mashindano ya watoto ya kusukuma mpira shimoni, na kambi yetu imepewa nafasi moja.

"Moja tu," akasema. "Si mbili. Jumamosi tunachagua hapa hapa. Ile itashinda, itaenda na mimi."

Ule uwanja wa mjini nilikuwa nimeuona mara moja, nikiwa na Baba, kupitia uzio wa nyaya. Nyasi zilikuwa za kijani mpaka nikamuuliza Baba kama zinapakwa rangi. Nilibaki nimeshika nyaya, Baba ananivuta mkono twende. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja duniani, kuukanyaga ule ukijani kwa miguu yangu halali, si kwa kuchungulia. Na sasa nafasi ilikuwa moja, na mistari yangu imepinda.

Mpinzani wangu alikuwa Obura, mtoto wa jirani wa pili, umri mmoja na mimi, mdomo wa watu wanne. Yeye aliingiza mipira bila kufikiri, kama anayetupa maganda ya ndizi. Mimi nikikosa, alikuja na kuchuchumaa kando ya mstari wangu, akaupima kwa jicho, kisha akaninyooshea kidole pole pole. "Zena, shimo iko huku. Huku. Wewe nani alikwambia iko kule?" Watoto wakaanguka kwa kicheko. Nami nilicheka, maana kununa ni kumpa ushindi, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Shida ilikuwa mkono wa kulia. Nikiipeleka nyuma fimbo ilikuwa tulivu, nikiirudisha ilikuwa tulivu, mpaka pale ninapoupiga mpira. Hapo mkono wa kulia, uliokaa chini karibu na mpira kama inavyoshikwa kawaida, ulishtuka. Ulitikisika kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina ghafla, na huo mtikisiko mdogo ulitosha kuutupa mpira kushoto.

Na mimi nilijua kwa nini. Sikumwambia mtu, lakini nilijua. Mkono ule haukuwa wangu.

Nilizaliwa mtu wa kushoto. Kijiko cha kwanza nilikishika kwa kushoto, jiwe la kwanza nilimtupia kuku kwa kushoto. Haboba hakukubali. Kwake mkono wa kushoto ulikuwa na kazi zake za chooni, ukaishia hapo. Hauli, hausalimii, haupokei wala hautoi. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema, akachana utepe wa gurbaba iliyozeeka, akaufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni kila tulipokaa kula. Usimfikirie vibaya. Alifunga fundo laini, na mnofu mzuri wa kwenye sinia alinisogezea mimi. Lakini alifunga, akafunga, mpaka nikasahau. Mkono wa kulia ukajifunza kula, ukajifunza kuandika, ukajifunza kusalimia, kwa woga, kama mtumishi mpya nyumba ya watu wakali. Na hakukuwa na pa kushitaki. Mama Nakato jirani yetu, Mganda na Mkatoliki wa kila Jumapili, ukimpa sukari kwa mkono wa kushoto alikuacha umenyoosha mkono mpaka uone aibu mwenyewe.

Basi jioni moja, siku chache kabla ya Jumamosi, Afande Apio alisimama nyuma yangu, akatazama mipira yangu ikikosa mmoja baada ya mwingine. Mistari imejikusanya kushoto mwa shimo kama vidole. Hakupiga kelele. Akaja akaniinamia.

"Hiyo mkono ya kulia ndiyo inaharibu wewe," akasema. "Inataka kuwa bosi na haijui kazi. Leo tunapeleka yeye juu, akae, apumzike. Kushoto inakuja chini."

"Chini wapi, Afande?"

"Chini hapa. Karibu na mpira. Yeye ndiye ataongoza."

Akashika mikono yangu akaipishanisha, kulia juu, kushoto chini. Nikaganda. Nilihisi nimevuliwa nguo mbele ya watu. Mkono wa kushoto mbele, mbele ya mpira, mbele ya kila kitu, unaelekea shimoni wa kwanza kabisa. Nikamwambia hiyo si adabu. Afande Apio akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Adabu ya nani? Ya mpira? Mpira hana mama hapa. Sukuma."

Nikasukuma.

Jamani. Nimejaribu miaka yote kueleza kilichotokea na sijapata maneno, lakini ngoja nijaribu tena. Mkono wa kushoto haukushtuka. Ulikuwa umengoja muda mrefu, na ulipopewa kazi uliifanya bila kuuliza. Kifundo hakikukunjika, mabega yalikwenda na kurudi pamoja, na mpira ukatoka ukinyenyerea juu ya mchanga, ukaenda, ukaenda, ukaanguka kwenye kopo kwa ule mlio wa bati ninaoupenda kuliko ngoma zote za harusi. Nikatazama mstari. Ulikuwa umenyooka.

"Tena," Afande akasema.

Tena ukaingia. Akaniongezea umbali, ukaingia. Ulipokosa, ulikosa kwa kugusa ukingo wa kopo na kusimama, si kwa kukimbilia kushoto. Nilianza kucheka peke yangu kama mwehu. Nilimkimbilia Afande nikamkumbatia kiunoni, jambo ambalo hakuna askari aliyewahi kulifanya akabaki salama. Obura alichuchumaa kando ya mstari wangu kama kawaida yake, akaupima kwa jicho, kisha akaenda kupanga mpira wake.

Nilikimbia nyumbani sikanyagi chini. Nilipofika mlangoni, nikamwona Haboba kizingitini na tabaga yake, nikauficha mkono wa kushoto mgongoni. Maana nilikumbuka malaika.

Ustadhi wetu wa madrasa alikuwa ametufundisha kwamba kila mtu ana malaika wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Wa kulia anaandika mema, wa kushoto anaandika mabaya. Sisi wengine tulisikia hilo na akili zetu za utoto zikalimalizia zenyewe. Mimi nilielewa kwamba kila malaika anauandikia mkono ulio upande wake. Kinachofanywa na mkono wa kulia, malaika wa kulia anaandika, na ni jema. Kinachofanywa na wa kushoto, malaika wa kushoto anaandika, na hapo hana kalamu ya mema. Ndiyo maana Haboba aliufunga mkono ule, alikuwa ananiokoa. Kwa hesabu hiyo, kila mpira niliouingiza jioni ile ulikuwa dhambi. Na niliingiza mingi. Na kesho nilikuwa nakwenda kuongeza.

Mtoto mwenye akili timamu angeacha. Mimi niliona pa kupenyea. Kama wa kushoto anaandika mpira, basi na wa kulia nimpe kitu cha kuandika, mizani ikae sawa. Mwenzangu, kambi ile haijapata kuona mtoto mwema vile. Nilimsalimia kila mtu mzima kwa kupiga magoti, hata waliokuwa wameshapita nikawakimbilia. Nilimchotea Mama Nakato maji asiyoyahitaji. Nilifagia uwanja kwa mkono wa kulia peke yake mpaka bega likauma. Nilimpelekea Haboba buli la kunawia kabla hajaliita, nikamwagia maji, nikasimama na taulo. Kisha jioni nikakimbilia brauni, kulia juu, kushoto chini, nikajipatia dhambi zangu kopo zima, nikarudi nyumbani kuosha vyombo.

Haboba alinitazama siku hizo zote kwa jicho la pembeni, sindano mkononi.

"Zena," akasema mwishowe, "umevunja nini?"

"Sijavunja kitu, Haboba."

"Basi umeiba."

"Wallahi sijaiba."

"Mtoto hawi mwema hivi bure," akasema, akaendelea kusuka. "Nitajua tu."

Na akajua, kwa sababu Obura alimwambia. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini Obura hilo hakulisikia, au alilisikia akalipuuza. Ijumaa jioni aliniona namna ninavyoingiza mipira, akaona nafasi ya mjini inamponyoka, akanijia karibu. "Haboba yako anajua unacheza na mkono ya kushoto?" Nikaendelea kusukuma. Jumamosi, wakati mimi niko brauni napitisha ubao na kusawazisha njia, yeye alipita mlangoni kwetu, akasalimia vizuri sana, akasema, "Haboba, njoo uone Zena, anatumia mkono ya kushoto mbele ya watu wote." Kisha akaja kucheza kama hakuna lililotokea.

Kambi nzima ilikuwa imetoka. Baba alikuwa safarini na lori, lakini madereva wenzake walikaa juu ya matairi, kina mama wamesimama na watoto mgongoni. Afande Apio alitupanga, kila mtoto na zamu yake, anayekosa anakaa. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikaogopa utatikisa fimbo. Lakini kila nilipoteremsha mkono wa kushoto chini, kitu kilitulia ndani yangu, na mpira ukaenda. Watoto wakakaa mmoja mmoja. Kila aliyekaa nilimhurumia na kufurahi kwa pamoja, sijui kama moyo wa mtu mzima unaweza bado kufanya hivyo. Mwisho tukabaki wawili, mimi na Obura.

Afande akatusogeza mbali, mpaka ukingo kabisa wa brauni. Obura akapiga. Mpira wake ulikwenda vizuri, watu wakanyanyuka, ukafika mdomoni mwa kopo ukasimama. Ukasimama pale. Obura akashika kichwa.

Ilikuwa zamu yangu. Nikiingiza nakwenda kukanyaga nyasi zile, nikikosa tunaanza upya. Nikapitisha ubao, nikafuta mistari yote, njia ikabaki safi. Nikasimama kwenye mpira, kulia juu, kushoto chini, nikainua macho kutazama shimo. Nyuma ya shimo, kati ya madereva waliokuwa wanampisha njia, alikuwa amesimama Haboba.

Hakuwa amekuja mikono mitupu. Kwapani alikuwa na tabaga aliyokuwa akiisuka, sindano bado imechomekwa, maana alitoka mbio. Mikono yangu ikajiendea yenyewe. Kabla sijafikiri, kulia umerudi chini, kushoto umepanda juu, heshima imerudi mahali pake. Na papo hapo nikauhisi mkono wa kulia ukianza kutetemeka.

"Mkono gani ulikuwa chini?" Haboba akauliza. Hakupaza sauti. Kambi nzima ilisikia.

"Wa kushoto, Haboba."

"Nani amekufundisha?"

Afande Apio, aliyeogopwa na gwaride zima, akasogea mbele na kupiga goti kumsalimia. "Ni mimi, Mama. Mtoto anacheza vizuri hivyo."

Haboba alipokea salamu, lakini macho yake hayakuniacha. Nilijua anangoja neno kutoka kwangu, na neno nililokuwa nalo lilikuwa moja tu, lile nililolibeba siku zote hizo. Nikaliachia.

"Haboba, kwani malaika wa kushoto ameandika yote?"

"Ameandika nini?"

"Mipira. Yote niliyoingiza. Lakini nimemjazia na wa kulia. Nimechota maji, nimefagia, nimekuletea buli. Nimejaribu yawe sawasawa." Hapo sauti ikanivunjika, nikaanza kulia mbele ya madereva wenzake Baba, na fimbo mkononi. "Kama bado hayajatosha nitaongeza. Ila leo niache nicheze, Haboba. Leo tu."

Nilitegemea watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Haboba akaja mpaka ukingoni mwa brauni. Akaiangalia ile tabaga kwapani. Akaniangalia mkono.

"Kwa hiyo yale maji ya kunawia," akasema pole pole, "ulikuwa unalipia?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Akapumua. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, Mungu amrehemu, lakini siku ile aliyachagua.

"Zena, sikiliza. Malaika hajakukataza chochote. Aliyekufunga mkono ni mimi." Akaihamishia tabaga kwapa la pili. "Ni mimi peke yangu. Na mimi gofu siijui. Rudisha mikono yako ilivyokuwa, watu wanangoja."

Nikajifuta machozi kwa bega. Nikarudisha. Kulia juu. Kushoto chini.

Nakumbuka joto la jua mgongoni na harufu ya oili inapanda. Nakumbuka nilivyouona mkono wangu wa kushoto pale chini, mweusi kwa mchanga, umetulia, nikaupenda, nikaupenda kabisa kama unavyompenda mtu. Nikasukuma. Mpira ukaanza safari yake, ukachora mstari, na nusu ya njia nilikuwa nimeshajua. Uliingia katikati ya kopo hata ukingo haukuugusa. Bati likalia. Kisha kambi ikalipuka, madereva wakapiga matairi kwa viganja, kina mama wakapiga vigelegele, Afande Apio akaninyanyua juu na fimbo yangu, na kutoka kule juu nilimwona Obura akichuchumaa kando ya mstari wangu, akiutazama kwa muda mrefu. Halafu akainuka, akanipa mkono. Nami kwa haraka yangu nikampa wa kushoto, akaupokea.

Ya kule kwenye nyasi yana simulizi yake, na mimi sijitapi nayo: nyasi ni laini, mpira unakwenda kama umepakwa siagi, na watoto wa mjini walinifundisha adabu. Lakini nilizikanyaga. Nilivua viatu mpaka bwana mmoja akaniomba kwa heshima nivae.

Jioni ile ya Jumamosi tulikula sisi wawili tu, Haboba na mimi, kwenye sinia moja. Alikuwa amepika kisira, ile mikate yetu myembamba, na mchuzi wa nyama, chakula cha sikukuu, bila kusema ni cha nini. Mimi kichwa kilikuwa bado juu mawinguni. Nilikuwa naongea bila kituo, narudia kila mpira, na katika kuongea huko mkono wa kushoto, uliokuwa bingwa wa kambi tangu mchana, ukanyooka wenyewe kwenda kwenye sinia.

Haboba akauchapa. Chap, juu ya kiganja.

"Kule nimekuachia," akasema. "Hapa bado."

Nikataka kuurudisha mkono, lakini alikuwa ameshaushika, nikangoja auachie. Hakuuachia. Aliushikilia pale pajani pake, juu ya gurbaba, ndani ya mkono wake wa kushoto, na kwa mkono wake wa kulia akaendelea kula, akinisogezea mnofu mmoja mmoja upande wangu. Hakuniangalia. Tulikula hivyo, kila mtu na kulia kwake, mpaka sinia likaisha, na wala hakuna aliyetaka kuinuka kwanza.